Telegramu ya Saa Tano na Dakika Kumi

Jumatano ile simu yangu ililia mara tatu kwa namba nisiyoijua, nami nikaiacha ilie. Sioni haya kusema hivyo. Siku hizi mtu wa umri wangu akipokea kila namba atajikuta anaambiwa ameshinda gari, au mjukuu wake amekamatwa, au kuna pesa zimeingia kwake kwa makosa azirudishe upesi kabla hajawaza. Mjukuu wangu Salma alinikalisha kitako akanifunda: namba usiyoijua usiishike, bibi, hata ikilia mpaka ichoke. Nikafundika. Niligeuza simu uso chini juu ya meza, nikaendelea kuchambua mchele wangu hapa mtaani Shika Adabu, nikijiona mjanja. Ijumaa baada ya swala ndipo niliposoma katika kundi la watu wa zamani wa Likoni, lile ambalo hutumiana dua na picha za maua kila asubuhi, kwamba Mwanasiti amefariki kwake Utange na ameshazikwa. Mwanasiti wangu. Nasema wangu, ingawa mara ya mwisho kusemezana naye nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sasa magoti yangu hayanikubalii kuswali bila kiti. Nilikaa na simu mkononi nikasoma lile tangazo mpaka kioo kikazima chenyewe, nikakigusa kikawaka, nikasoma tena.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, kila mtu ana wazazi. Mwaka ninaotaka kuueleza ulianza siku niliyoapa. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na posta tuliyofanyia kazi ilikuwa nyumba ndogo ya mabati karibu na kivuko, karibu kiasi kwamba feri ikipiga honi vichupa vya wino vilitetemeka. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta yenye wavu wa chuma, mizani ya vifurushi, na harufu ya gundi iliyoganda katika nguo zangu isitoke hata kwa udi. Chumba cha nyuma, upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, ndimo ilimokuwa bodi ya simu, ubao mrefu wenye matundu na nyaya ambao kila mtu wa Likoni aliyetaka kumpigia mwenziwe hakuwa na budi kuupitia. Baina ya vyumba hivyo viwili alikaa mkuu wetu, Bwana Mulwa, mtu wa Ukambani, mrefu, mwenye kuvaa tai hata kwenye joto la Februari. Watu walimwita Bwana Posta. Mezani kwake kilikaa kitabu cha kanuni kilichoachwa na serikali ya wakoloni. Jalada lake lilikuwa na taji la mfalme, na juu ya taji hilo Bwana Mulwa alikuwa amebandika kipande cha karatasi ya kaki, ikawa serikali imebadilika kwa gundi. Ndani hakikubadilika kitu.

Nilisimama mbele ya kitabu hicho, nikaapa kwamba sitamfunulia kiumbe yaliyomo katika barua, telegramu wala mazungumzo ya simu, ila yule aliyeandikiwa, na kwa njia iliyowekwa. Maneno hayo ya mwisho niliyapitia haraka, kama watu wanavyoharakisha mwisho wa dua ndefu. Njia iliyowekwa ilikuwa hivi. Telegramu zetu zilisomwa kwa simu kutoka posta kubwa ya kisiwani, ng'ambo ya kivuko. Mimi nilizisikiliza, nikaziandika kwa mkono kwenye fomu, na juu kabisa nikaandika saa na dakika niliyopokea. Kisha fomu ikatiwa bahasha, akapewa tarishi, naye akaipeleka kwa baiskeli mpaka nyumba iliyoandikwa, akaikabidhi mkononi mwa mwenyewe, akatiliwa sahihi. Haikutolewa kaunta wala haikusomwa kwa mdomo. Hata mfanyakazi wa posta naye alihesabiwa raia kama raia wengine, telegramu yake ipelekwe kwake nyumbani, kwa sababu zamani, alivyotueleza Bwana Mulwa, karani mmoja mahali fulani alikuwa akijitumia telegramu za misiba apate ruhusa ya kwenda kunywa. Kwa ajili ya mlevi yule mmoja, sote tukawekewa kanuni.

Nilizipenda kanuni zile, lazima nikiri. Nilikuwa msichana aliyepewa penseli ya serikali na kiti kirefu, na watu wazima waliniuliza mimi kipi kinaruhusiwa. Neno lililozidi herufi kumi na tano lilihesabiwa maneno mawili, na wazungu waliotunga hilo hawakujua kwamba kwetu sisi mtu anaweza kutia safari nzima katika neno moja. Mzee akiandika "tutakapokutembelea" nilimpigia maneno mawili, akaapa wallahi ni moja, tukahesabu herufi pamoja kwa ncha ya penseli. Matusi hayakupokelewa kabisa. Alikuja baba mmoja mwenye ghadhabu akataka kumpelekea shemeji yake wa Malindi neno "mbwa", nikamwambia kanuni inakataa. Akauliza, "Na 'mbuzi' je?" Nikaenda kumwuliza Bwana Mulwa, naye akafungua kitabu kweli, akatafuta. Nyuma ya mbao tukamsikia Mwanasiti akicheka mpaka akakohoa.

Mwanasiti ndiye aliyekaa kwenye bodi ya simu. Alinizidi miaka miwili, kwao ni Vanga, kule mpakani, na hapa Likoni alipanga chumba kimoja hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene isiyofanana na mwili wake, na akisema "Namba, tafadhali" ungedhani anakukaribisha chakula. Kulikuwa na wenye maduka waliopiga simu zisizo na maana wamsikie tu. Kanuni yake yeye ilikuwa kwamba akishaunganisha watu wawili atoke kwenye laini, asisikilize. Nani angejua kama angesikiliza? Hakuna. Lakini kila akichomeka waya alivua kile chombo cha masikioni akakitua begani, akatazama dirishani mpaka taa ndogo izime. Nilimwuliza siku moja kama hatamani hata kidogo. Akasema, "Mambo ya watu yana uzito, na mie shingo yangu nyembamba."

Saa sita na nusu tulikula. Bwana Mulwa alikwenda kwake, kaunta ikafungwa kwa nusu saa, nami nikahamia chumba cha nyuma kwa kuwa bodi haikuweza kuachwa peke yake. Tulikuwa na sahani moja ya bati ya rangi ya samawati, iliyobanduka rangi ukingoni. Siku hii nilileta chakula mimi, siku ile yeye: wali na maharagwe ya nazi, muhogo wa kuchemsha na samaki mkavu, sima na mchicha. Tulikaa sakafuni na sahani katikati, na taa ikiwaka aliinuka na kuchomeka waya kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na chakula, kisha akarudi. Alikuwa na tabia ya kunisogezea vipande vya samaki upande wangu akidhani simwoni. Na saa nane kila siku basi la Vanga, ambalo lilikuwa moja tu, lilipiga honi ndefu kabla ya kuondoka pale kivukoni, naye kila siku, awe anafanya nini, alisema, "Basi la kwetu hilo." Mamake alikuwa huko, mjane, na kila mwisho wa mwezi Mwanasiti alipanda basi lile na kilo mbili za sukari.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu nilivunja kiapo. Ilikuja telegramu kwa Hamisi Juma wa Shika Adabu: amechaguliwa chuo cha ualimu, aripoti Jumatatu. Hamisi Juma nikamjua, nikamjua na mamake, Bi Riziki, aliyekuwa akiuza vitumbua ili mwanawe asome. Jioni nikakutana naye njiani amebeba kuni, na moyo ukanishinda. Nikamwambia, "Mama, tua kuni hizo. Ngoja tarishi, kuna neno la kheri laja." Sikusema zaidi, lakini nani hakufahamu? Wakachinja kuku. Wakaita majirani, wakapika, Hamisi akavaa kanzu. Mzee Kombo, tarishi wetu, akapita na baiskeli yake mbele ya wote, akasalimia kwa adabu, akaenda nyumba sita mbele kwa Hamisi Juma mwengine. Majina yetu ndiyo hayo, kila mtaa una watatu. Asubuhi Bi Riziki akaja kaunta. Hakunitukana. Alishika wavu kwa vidole akalia, na mwanawe nyuma yake anatazama viatu.

Bwana Mulwa alikwisha kuandika barua ya kunifukuza, nikaiona kwenye mashine ya chapa. Mwanasiti akatoka chumba cha nyuma, akasimama mbele ya meza na kile chombo cha masikioni kikiwa bado begani. "Bwana," akasema, "huyu akitoka, nami natoka. Uchomeke nyaya mwenyewe." Bwana Mulwa akamwangalia, akaiangalia bodi yenye taa tatu zinazowaka bila mtu, akaichomoa ile karatasi akaikunja. Lakini akaniamuru niape upya, kwa sauti, na Mwanasiti awe shahidi. "Wewe msichana," akaniambia, "hii kazi haitaki mdomo. Siku utajua kitu na ukae nacho ndio utakuwa mtu wa posta." Niliapa huku machozi yananiingia kinywani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Mwanasiti alinishika mkono, akanitania njia nzima, akaigiza sauti ya kuku wa Bi Riziki, mpaka nikacheka bila kupenda. Kisha akasimama akanielekezea kidole. "Nisikize, shoga yangu. Siku nyengine funga mdomo huo. Hata iwe telegramu yangu mie, funga!" Nikamwambia, inshallah, hata iwe yako. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani kwa zaidi ya miaka hamsini, ya kwake na ya kwangu.

Nikawa mtu wa posta. Miezi iliyofuata nilijua nani amefiwa kabla mwenyewe hajajua, nikampa stempu na shikamoo yangu bila uso kubadilika. Nilijua ndoa ipi imevunjika huko Tanga na mume gani amepata kazi melini. Bwana Mulwa aliacha kunichunguza. Ubaya ni kwamba niliona fahari. Nilidhani kile kilichokuwa kikigandamana ndani yangu ni uaminifu, na sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba kinaweza kuwa uaminifu na bado kikawa na makali.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Bwana Mulwa alivuka kwenda kisiwani kwenye mkutano, akaniachia funguo. Mzee Kombo alikuwa ametumwa Mtongwe na vifurushi viwili. Taa iliwaka nyuma, nikamsikia Mwanasiti akisema, "Posta kubwa? Subiri kidogo," kisha akaniita kupitia mbao, "Mejumaa! Telegramu, pokea." Akachomeka waya kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa sababu alikuwa Mwanasiti, akatoka kwenye laini. Nikasikia kiti chake kikilia alipogeukia dirisha. Yule karani wa kisiwani akanisomea taratibu jina la Mwanasiti na nyumba yake, kisha maneno: Mama hoi anakuuliza njoo leo. Yalitoka kwa Bakari, kakake. Nikaandika. Juu nikaandika saa tano na dakika kumi, kama kanuni ilivyotaka. Nikaitazama hati yangu. Nimepokea telegramu nyingi maishani, na najua watu walivyobana maneno. Bakari angeweza kuandika "mama hoi njoo" akaishia hapo. Alilipia "anakuuliza" kwa sababu mamake alikuwa akimwuliza kweli, alikuwa hai na kitandani anamtaja mwanawe. Na alilipia "leo".

Niliitia bahasha nikaifunga, nikaiweka kwenye droo, nikafunga droo kwa ufunguo. Nasema niliyoyafanya kwa mpangilio kwa kuwa nimeshaulizwa na nafsi yangu mara nyingi nilifanya nini kwanza na nini baadaye. Nilijiambia Mzee Kombo atarudi. Nilitoka mlangoni nikaangalia barabara ya Mtongwe. Nikafikiri kumpigia Bwana Mulwa kisiwani, lakini kila simu ilipita kwa Mwanasiti, ningemwambia nini? "Niunganishe na bwana, usisikilize"? Angeniunganisha na asingesikiliza. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba lingewezekana kabisa. Niliogopa sauti yangu tu, kwamba ataisikia inavyotetemeka pale mwanzo, kabla hajatoka kwenye laini. Nikamwona Bi Riziki ameshika wavu. Nikaiona ile barua kwenye mashine. Na nikajiambia, Mungu anisamehe, kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema hata iwe yake.

Saa sita na nusu nikafunga kaunta. Ilikuwa zamu yake ya chakula. Alileta wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na pilipili ya ukwaju ambayo mamake alimtengenezea kwenye chupa. Tukakaa sakafuni. "Mbona huli?" akaniuliza. Nikasema tumbo. Akasema, "Tumbo la nini, au una mchumba hujaniambia? Hebu kula, mama kapika pilipili hii kwa mikono yake, usimtie aibu." Nikala. Nilitia tonge mdomoni nikatafuna, nikatia jengine. Akanisogezea samaki, nikala na samaki. Alikuwa akieleza mipango ya mwisho wa mwezi, kwamba safari hii atamchukulia mamake leso mpya, amemwona mhindi mmoja ana jora zuri la rangi ya damu ya mzee, ila hajui achague yenye jina gani, lile neno linaloandikwa juu ya leso. Akaniuliza jina lipi lamfaa mama mtu mzima. Nikataja moja, sikumbuki lipi. Saa nane honi ikalia, ndefu, vichupa vikatetemeka, nami nikiwa kaunta nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili nikamsikia nyuma ya mbao akisema, "Basi la kwetu hilo."

Mzee Kombo alirudi saa tisa. Gurudumu lilimpasukia Mtongwe, akaisukuma baiskeli njia yote. Nikampa bahasha, akasoma jina, akaangalia ukuta wa mbao, akaniangalia mimi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye watoto. Akasema kwa sauti ndogo, "Binti, si yupo hapa?" Nikasema nyumbani kwake, Mzee, ndivyo ilivyoandikwa. Hakubishana na karani. Akaenda akakaa kizingitini kwa Mwanasiti akamngoja mpaka alipotoka kazini saa kumi, akampa mkononi, akatiliwa sahihi. Kanuni ilitimizwa herufi kwa herufi.

Alikuja kwetu jua likichwa. Mama alikuwa uani anakuna nazi, akamkaribisha, naye hakuitika, jambo ambalo hakupata kulifanya. Alisimama katika mlango wa chumba changu na fomu imefunguliwa mkononi. Sikuona machozi. "Hati yako hii," akasema. Nikasema ndiyo. "Saa tano na dakika kumi." Nikasema ndiyo. Nikataka kumweleza habari za Bwana Mulwa, kiapo, Bi Riziki, Mtongwe, yote yakanijia kwa pamoja, na katika yote hayo likachomoka lile moja, jinga kuliko yote. Nikasema, "Si uliniambia wewe mwenyewe? Hata iwe yako?" Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Nilikuwa nakutania, Mejumaa," akasema. Halafu akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kifuani. "Saa tano ulijua. Na saa sita na nusu ukala nami."

Aliondoka alfajiri kwa lori lililokwenda kuchukua muhogo, akafika Vanga adhuhuri. Mamake alikuwa amekata roho kabla ya mapambazuko, na kwa joto lile hawakuweza kungoja, walimzika saa nne. Bakari alimwambia, nasi tukaja kuambiwa na wengine, kwamba mpaka saa ya mwisho mama alikuwa akiuliza kama basi limefika. Walimjibu bado. Lilikuwa limefika jana yake magharibi, kwa wakati wake, halina mtu wao ndani.

Bwana Mulwa aliposikia, alivua miwani akaiweka juu ya kitabu. "Ungenipigia tu," akasema. "Mimi ningesema mpe, asaini hapa, tuandike nyumbani." Alisema kwa huzuni ya kweli, na nilimchukia kwa hilo kuliko ambavyo ningemchukia kama angenigombeza. Kumbe kanuni ilikuwa na mlango, na wenye funguo walijua ulipo, ila sisi wadogo tulifundishwa ukuta peke yake. Mwanasiti alirudi baada ya siku arubaini kuchukua vitu vyake: kioo kidogo, sweta la zamu ya asubuhi, na ile chupa ya pilipili iliyobaki nusu. Sahani ya samawati ilikuwa ya wote wawili. Aliiacha. Nikamfuata mpaka nje nikamwita jina, akaendelea kutembea kuelekea feri. Baadaye nilisikia ameolewa upande wa Kisauni, akahamia Utange, akazaa. Mwisho wa mwaka ule Bwana Mulwa aliniandikia barua ya sifa, akataja utunzaji wa siri, nikapandishwa cheo. Nilifanya kazi ile mpaka nywele zikageuka. Nikaona bodi ya simu ikitolewa, nikaona telegramu ya mwisho, nikaona watu wakianza kutembea na simu zao mifukoni, kila mtu anampigia amtakaye bila kupitia kwa mtu. Barua ile ninayo. Sikupata kumwonyesha hata mmoja katika wanangu.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda Utange miaka yote hiyo. Ni feri na safari ya saa moja. Nilikwenda mara mbili nikarudia njiani. Nilijiambia akinitaka ataniita, kwa sababu yeye ndiye aliyekosewa, na mkosa hajipeleki na mikono mitupu. Nilikuwa na jibu zuri kwa kila mwaka.

Jumamosi, siku ya hitima, nilikwenda. Nyumba yao ni ya matofali, ina mkorosho nyuma, wanawake wamejaa mikekani na juzuu zao. Nilikaa karibu na mlango, nikasoma kwa sauti ya chini, nikidhani hakuna anijuaye. Walipoanza kupakua wali, alinijia mwanamke wa makamo, mwembamba, na alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ileile nene.

"Shikamoo. Wewe ndiwe Mejumaa wa posta?"

"Marahaba, mwanangu. Ndimi."

"Mie Rehema, mwanawe." Akachuchumaa mbele yangu. "Namba yako niliitafuta kwa watu wiki nzima. Jumatano nilikupigia mara tatu."

Niliitoa simu mkobani. Sikuwa na haja ya kuitazama, lakini niliitoa. Namba ilikuwa pale, nyekundu, mara tatu, kwa mpangilio, na pembeni yake saa na dakika.

"Ilikuwa namba nisiyoijua," nikamwambia. Hilo ndilo nililomwambia mtoto wa Mwanasiti.

"Najua, mama. Watu hawapokei siku hizi." Alisema bila kinyongo. "Alikuwa akikuuliza. Kila akizinduka anauliza umefika. Tukamwambia bado."

"Alitaka kuniambia nini?"

Rehema akatikisa kichwa. "Hakusema. Nilimwuliza, nikamwambia nipe mie neno nimfikishie. Akasema si la kufikishiwa. Akasema nikuite, uje leo."

Kisha akainuka. Nilidhani amekwenda na wageni wengine, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Akarudi na sahani moja ya wali, akaiweka mkekani katikati yetu, akakaa kitako, akanimiminia maji ya kunawa. Akanyofoa samaki, akasogeza kipande upande wangu bila kunitazama.

"Kula, mama," akasema.

Nikanawa. Sikujua kama ninaruhusiwa, na aliyeweza kuniambia nilikuwa nimemwacha alie mara tatu juu ya meza. Nikatia mkono katika sahani, nikala naye.